Sura za wenzetu: kile foto ya karte haionyeshi

Wandugu, mwaka 1973 na 1974, kule Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora picha 101 za historia ya Zaire, na akamwelezea mtafiti Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili chetu. Ndani yake kuna wafalme, Wabelgiji, Lumumba. Hiyo ni historia ya wakubwa. Na sisi wadogo, tuliovuka ziwa tukarudi, nani alituchora?

Tuangalie mfano wa mbali. Februari 1942, Wajapani walipoteka Singapore, askari Mwingereza wa miaka 21, Ronald Searle, alikamatwa. Baadaye alipelekwa na wafungwa wengine kujenga reli ya Thailand na Burma. Aliwachora wenzake kwa siri: wanavyotembea, wanavyougua, wanavyokufa. Karatasi alizificha chini ya vitanda vya wagonjwa wa kipindupindu, maana walinzi waliogopa kusogea pale. Leo michoro yake karibu 300 iko Imperial War Museum, London. Orodha ya jeshi inataja jina na nambari. Mchoro wa mwenzako unaonyesha mbavu, macho, na namna mtu anavyokaa akiwa amechoka.

Kumbe nasi tunayo hayo. Kule Nyarugusu na Lugufu walikuwepo vijana waliochora rafiki zao kwa biki, kwenye kurasa za mwisho za kaye. Foto ya karte ilitufanya wote sawa: uso mbele, mdomo umefungwa. Rafiki anakuchora ukicheka, ukisukwa nywele, ukisinzia kwenye foleni ya maji. Kwa aliyefia kambini, desini ile inaweza kuwa sura pekee waliyobaki nayo watoto wake.

Lakini tusiiamini peke yake. Rafiki anachora kwa upendo; anaweza kuficha njaa au ugomvi. Ndiyo maana Tshibumba hakutoa picha tu, aliisimulia.

Lugufu ilifungwa 2009, na kaye zinaliwa na mchwa na unyevu wa ziwa. Basi, mwenye michoro aandike nyuma, kwa kalamu ya risasi: jina la aliyechorwa, kambi, mwaka. Aliye hai aombwe ruhusa kwanza. Kisha mtoto akae na mzee, aandike masimulizi. Wafadhili wetu, bahasha na sanduku lisiloingiza maji ni msaada mdogo, lakini zitatunza watu ambao hakuna biro iliyowaandika vizuri.