Majaribu ya Mtakatifu Antonio: Maonyesho ya Wachoraji ya 1946 na Kumbukumbu ya Kanisa

Utangulizi

Mwaka 1946 wachoraji kumi na mmoja wa Marekani na Ulaya walionyesha picha kumi na moja zenye mada moja tu, nayo ni majaribu ya Mtakatifu Antonio wa Misri. Wengi wao hawakuwa watu wa kanisa. Picha zao hazikuagizwa na askofu wala na usharika wo wote, bali na watengenezaji wa filamu. Hata hivyo mada yao ilitoka katika kitabu kilichoandikwa na askofu wa Afrika, kumhusu Mkristo wa Afrika, katika karne ya nne.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi maonyesho hayo yalivyotokea, kisha tuyalinganishe na habari za Antonio kama zilivyosimuliwa na Athanasio wa Aleksandria. Swali letu ni hili: habari ya imani inapotoka kanisani na kuingia katika ukumbi wa maonyesho, ni kitu gani kinachobaki, na ni kitu gani kinachopotea? Swali hili si la wachoraji peke yao. Sisi nasi kila mwaka, Kwaresima inapoanza, tunapanda mimbarani kuhubiri juu ya majaribu, nasi pia twaweza kubakiza nusu ya habari na kuipoteza nusu nyingine.

Asili ya Maonyesho

Mwaka 1885 mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant alitoa riwaya iitwayo Bel-Ami. Ndani yake tajiri mmoja ananunua picha mashuhuri inayomwonyesha Kristo akitembea juu ya maji, na watu wa mji wanamiminika nyumbani kwake kuitazama. Miaka sitini baadaye Albert Lewin, mwongozaji wa filamu wa Marekani, aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, ambayo ilitoka mwaka 1947. Katika filamu hiyo picha ya Kristo juu ya maji iliondolewa, na mahali pake pakawekwa picha ya majaribu ya Antonio.

Ili kuipata picha hiyo, wachoraji kumi na wawili walialikwa kushindana. Kila aliyeleta picha alilipwa dola 500, na mshindi aliahidiwa dola 2,500. Waamuzi walikuwa watatu: msanii Marcel Duchamp, Alfred Barr wa Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na Sidney Janis, mtaalamu na mkusanyaji wa sanaa. Walioalikwa ni Max Ernst wa Ujerumani, Salvador Dalí wa Hispania, Paul Delvaux wa Ubelgiji, Stanley Spencer na Leonora Carrington wa Uingereza, Eugene Berman mzaliwa wa Urusi, na Wamarekani Dorothea Tanning, Ivan Albright, Abraham Rattner, Horace Pippin na Louis Guglielmi. Wa kumi na mbili, Leonor Fini, hakuleta picha. Yafaa kukumbuka kwamba Guglielmi, ingawa wazazi wake walikuwa Waitalia, alizaliwa Kairo mwaka 1906, katika nchi ile ile ya Antonio.

Ushindi ulikwenda kwa Max Ernst. Picha zote zilizungushwa katika maonyesho Marekani na Ulaya, na ile ya Ernst ikaonekana katika filamu kwa rangi, ingawa filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hivyo mada iliyowakusanya wachoraji hao ilizaliwa mahali ambapo Kristo alikuwa ameondolewa. Aliyekuwa akitembea juu ya maji hakuwapo tena. Aliyebaki ni mwanadamu kati ya wanyama wakali.

Antonio wa Athanasio

Yatupasa sasa kurudi kwenye chemchemi. Antonio aliishi tangu mwaka 251 hivi hadi 356. Wazazi wake walikuwa Wakopti Wakristo wenye mali. Baada ya kufiwa nao, alipokuwa bado kijana, aliingia kanisani akasikia likisomwa neno la Bwana kwa yule tajiri katika Mathayo 19:21. Akalipokea kama neno aliloambiwa yeye mwenyewe, akayatoa mashamba yake, akamweka dada yake mikononi mwa wanawake waaminifu, akaenda kuishi maisha ya sala na kazi za mikono. Muda mfupi baada ya kifo chake Athanasio aliandika habari za maisha yake. Kitabu hicho kilienea upesi, hata Augustino anakiri kwamba masimulizi juu ya Antonio, aliyoyasikia huko Milano mwaka 386, yaliusogeza moyo wake kwenye kuongoka.

Ni vema msomaji aangalie utaratibu wa majaribu katika kitabu hicho. Jaribu la kwanza halikuwa mwanamke. Kwanza Ibilisi alimkumbusha mali aliyoiacha, kisha wajibu wake kwa dada yake, madai ya ukoo, tamaa ya fedha, tamaa ya sifa, ladha ya chakula, na urefu wa safari iliyo mbele yake. Ndipo baadaye yakaja majaribu ya mwili. Halafu, Antonio alipojifungia katika kaburi nje ya kijiji, pepo walimpiga hata akalala kama maiti. Rafiki yake akambeba na kumpeleka kanisani kijijini. Usiku ule ule Antonio akaomba arudishwe kaburini. Hapo wakaja simba, dubu, chui, mafahali, nyoka, nge na mbwa-mwitu, na mahali pale pakajaa kelele.

Mwisho wa usiku huo ndio moyo wa habari yote. Antonio aliinua macho akaona kama paa limefunguka na mwali wa nuru unamshukia. Pepo wakatoweka. Naye akauliza, kwa uchungu wa mtu aliyejeruhiwa, Bwana alikuwa wapi, na kwa nini hakuja tangu mwanzo. Sauti ikamjibu kwamba Bwana alikuwa papo hapo muda wote, akiyatazama mapigano yake, na kwamba tangu sasa atakuwa msaada wake. Kwa Athanasio, aliyeutetea uungu wa Kristo dhidi ya Waario maisha yake yote, jibu hilo lilikuwa na uzito wa pekee: aliye pamoja na mtu kaburini ni Mungu mwenyewe.

Kutoka Hospitalini Hadi Ukumbini

Habari hii ilichorwa mara nyingi Ulaya, na mchoro mmoja unahitaji kutajwa. Kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, Luther alipokuwa akianza kufundisha Wittenberg, Mathias Grünewald alichora picha za altare kwa ajili ya monasteri ya Waantonio huko Isenheim. Siku hizi zinahifadhiwa katika jumba la Unterlinden, mjini Colmar. Watawa hao waliwauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antonio, ambao uliletwa na kuvu katika ngano nyeusi na kuozesha viungo vya mwili. Grünewald alimchora Antonio ameangushwa chini, mazimwi yakimvuta nywele na kumpiga, na pembeni akamweka mtu mwenye tumbo lililovimba na ngozi yenye vidonda. Kwenye kipande cha karatasi katika kona ya picha liliandikwa lile swali la Antonio kwa Bwana. Lakini juu, katika nuru, anaonekana Mungu Baba. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya altare hiyo aliyaona maumivu yake, akaliona swali lake, akaiona na nuru.

Max Ernst aliijua kazi ya Grünewald, na mazimwi yake ni jamaa ya mazimwi ya Isenheim. Antonio wake, mwenye vazi jekundu, amelala chali kando ya maji, viumbe wenye midomo ya ndege na makucha ya kaa wakimrarua. Hatumwoni malaika, wala paa lililofunguka. Ernst mwenyewe alieleza kwamba Antonio anapolilia msaada na nuru, jibu analopata ni mwangwi wa hofu yake mwenyewe na kicheko cha mazimwi yaliyozaliwa na maono yake. Huu ndio mgawanyiko mkubwa kati ya kitabu cha karne ya nne na picha iliyoshinda karne ya ishirini. Swali ni lile lile. Katika kitabu kuna anayejibu. Katika picha anayeuliza anajisikia mwenyewe.

Wengine walichukua njia zao. Dalí alimchora Antonio uchi, amepiga magoti jangwani, akiinua msalaba mbele ya farasi na tembo wenye miguu mirefu myembamba kama ya buibui, waliobeba wanawake uchi na majengo ya fahari. Spencer, aliyezoea kuyaweka mambo ya Biblia katika kijiji chake cha Cookham, alimlaza Antonio kaburini, na hapo alikuwa karibu na Athanasio. Carrington alimpa Antonio vichwa vitatu na kumweka nguruwe karibu naye, kama desturi ya zamani ilivyokuwa. Kwa jumla, miili ya wanawake ilipata nafasi kubwa katika picha hizo. Mashamba, ukoo, fedha na sifa, yaani yale yaliyotangulia katika orodha ya Athanasio, hayakupata nafasi kama hiyo.

Tuwahukumuje?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hao hawakuamini, basi hawana la kutufundisha. Sisi hatuoni hivyo. Ernst alifungwa kambini Ufaransa mwaka 1939 kwa kuwa Mjerumani, akakimbilia Marekani mwaka 1941. Carrington alipitia ugonjwa wa akili na kufungiwa hospitalini Hispania mwaka 1940. Spencer aliviona vita vya kwanza huko Makedonia. Watu hao walichora mara tu baada ya vita iliyoua mamilioni. Mtu aliyepita humo anapochora mwanadamu anayelia bila kujibiwa, hachezi. Mchungaji asiyejua kilio hicho atawafariji wafiwa wake kwa maneno mepesi.

Luther angewaelewa. Mwaka 1539 aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu awe mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Neno lake la Kijerumani kwa hilo la tatu halina maana ya kishawishi. Ni shambulio, ni usiku ambao mtu anadhani Mungu amemgeuka. Kiswahili chetu kimebarikiwa hapa, kwa kuwa neno jaribu, kama lile la Kigiriki katika Agano Jipya, hubeba maana zote mbili, kushawishiwa na kupimwa. Tusilipunguze neno hilo. Mahubiri yanayolifanya jaribu kuwa ni mwanamke tu huwadhulumu wanawake, na huwaachia wenye mali, wapenda vyeo na wagombanao juu ya urithi wa mashamba watoke kanisani wakidhani hawakuguswa.

Tena kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Athanasio mwenyewe anasimulia kwamba Ibilisi alimtokea Antonio katika sura ya mtoto mweusi. Kitabu kilichotoka Afrika kiliibeba dharau hiyo, na picha nyingi za Ulaya ziliendelea kuwapaka pepo rangi hiyo. Kwa sababu hiyo tunathamini kwamba mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Horace Pippin, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyejifunza kuchora peke yake. Mwaka 1918 alipigwa risasi huko Ufaransa, mkono wake wa kulia ukalemaa, naye alichora kwa kuushikilia mkono huo kwa ule wa kushoto. Alifariki Julai 1946. Katika miaka yake ya mwisho alichora picha kadhaa za Mlima Mtakatifu kutoka Isaya 11: simba na mwana-kondoo wamelala pamoja, na kati yao amesimama mchungaji mweusi. Nyuma, katika giza la msitu, ameweka askari wadogo na misalaba ya makaburi. Pippin hakuyaficha mapigano, wala hakuyapa neno la mwisho.

Hitimisho

Tumeona kwamba maonyesho ya 1946 yaliwabakiza wanyama na kaburi, na kwamba picha iliyoshinda iliiacha sauti iliyojibu. Kazi ya Kanisa si kuwalaumu wachoraji kwa kutochora wasichokisikia. Kazi yetu ni kuitunza ile nusu ya habari tuliyokabidhiwa, bila kuikana nusu waliyoiona wao.

Waluteri wanayo kumbukumbu yao ya Antonio. Katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, kifungu cha 27, Melanchthon anasimulia kwamba Antonio alimwomba Mungu amwonyeshe amefikia wapi katika utauwa. Akaonyeshwa fundi viatu wa Aleksandria. Alipomwendea, hakukuta maajabu: fundi huyo kila asubuhi aliuombea mji wote kwa maneno machache, kisha akaendelea na kazi yake. Fundi huyo hakuingia katika picha za wachoraji, maana hakuna zimwi katika karakana yake. Lakini washarika wetu walio wengi wanafanana naye kuliko wanavyofanana na mtu wa jangwani. Majaribu yao ni ya sokoni, shambani, ofisini na kitandani mwa wagonjwa, na wao pia huuliza Bwana yuko wapi. Aliyeitwa kulihudumia Neno hana ruhusa ya kuwaachia mwangwi wa hofu yao. Na aketi nao gizani bila haraka, kisha awaambie waziwazi lile ambalo Antonio aliambiwa: kwamba Bwana alikuwapo muda wote.