Waliouzwa Hawakuiuza Injili

Masomo: Kumbukumbu la Torati 8:2, Mathayo 10:8, Matendo ya Mitume 8:18-20



Juma hili tunaanza na maswali mawili. La kwanza ni la vijana wetu wa Kapolowe-Gare na wa Mission: "Imani hii ya kuzamishwa katika maji, kunena kwa lugha na kuombea wagonjwa ilitoka wapi? Si mambo ya wazungu?" La pili ni la wazee, nao huliuliza kwa sauti ya chini: "Tangu lini maombi yana bei?"

Maswali haya yana jibu moja, nalo limo katika historia yetu. Musa aliwaambia Israeli waikumbuke njia yote ambayo Mungu aliwaongoza. Basi na sisi tuikumbuke njia yetu.

1. Njia ya watumwa

Ukipita Likasi na kuendelea, utafika Bunkeya. Karne ya 19 pale palikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke, ambaye ukoo wake ulitoka Unyamwezi. Kwake zilipita shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watu. Njia moja ilikwenda mashariki mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Nyingine ilikwenda magharibi mpaka Bié na Benguela, katika nchi ya Angola. Bunduki na nguo ziliingia, na watoto wa watu walitoka wamefungwa. Waluba wengi, na Wasongye, na Wasanga, walikwenda kwa njia hiyo, na nyumbani waliliwa matanga wakiwa bado wanatembea.

Mwezi wa Februari 1886, Mskoti kijana, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya akitokea magharibi. Alikuja kwa njia ileile ambayo watumwa walipelekwa. Angalieni jambo hilo: njia iliyotoa watu ndiyo iliyoleta Neno. Msiri aliuawa mwezi wa Desemba 1891, na mji wake ukatawanyika. Mwenzake Arnot, Dan Crawford, alikusanya watu huko Luanza, kando ya ziwa Mweru, akakaa nao mpaka alipokufa 1926. Ndugu hao hawakuwa Wapentekoste, lakini walifundisha kwamba mtu hubatizwa baada ya kuamini, tena kwa kuzamishwa. Kwa hiyo mafundisho hayo yalikuwa yameshafika Katanga kabla ya kanisa letu.

2. Mtoto wa watumwa huko Los Angeles

Sasa tuvuke bahari, maana moto wa Pentekoste uliwashwa mbali. William Joseph Seymour alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1870. Baba yake na mama yake walikuwa wamezaliwa katika utumwa. Jicho lake moja lilikuwa limepofuka. Alipotaka kusoma habari za ubatizo wa Roho Mtakatifu katika mji wa Houston, sheria za ubaguzi zilimkataza kukaa darasani pamoja na weupe. Alikaa nje ya mlango akasikiliza kutoka huko.

Mwaka 1906 mtu huyo aliyekaa nje ya mlango aliongoza maombi katika jengo dogo la barabara ya Azusa, Los Angeles. Watu walinena kwa lugha, wagonjwa waliombewa, na weusi na weupe walipiga magoti pamoja katika nchi ambayo haikuwaruhusu kula pamoja. Mwaka 1907 moto huo ulikuwa umeshafika Uingereza, na kutoka huko ukashuka kwetu.

Basi kijana, ukiambiwa kwamba Upentekoste ni wa wazungu, ujibu kwa upole: aliyeongoza maombi ya Azusa alikuwa mtoto wa watumwa wenye asili ya Afrika.

3. Mwanza, 1915

William Burton alizaliwa Liverpool mwaka 1886, mwaka uleule Arnot alipofika Bunkeya. Alisomea kazi ya umeme, akaiacha kwa ajili ya Injili. Mwaka 1915 yeye na James Salter, pamoja na wenzao wawili, walipanda kutoka kusini kuingia Katanga. Reli ilikuwa imefika Elisabethville mwaka 1910, lakini ingefika Bukama mwaka 1918 tu. Kwa hiyo treni haikuwafikisha. Sehemu ya mwisho walitegemea miguu na mtumbwi, wakashuka na mto Lualaba. Mzee Armstrong, mmoja wa wale wanne, alikufa kwa homa njiani. Burton naye aliugua sana. Muda si mrefu walibaki wawili, Burton na Salter, huko Mwanza, katika nchi ya Waluba ambayo leo ni Haut-Lomami. Kazi yao ikaitwa Congo Evangelistic Mission, na kutoka humo likazaliwa kanisa ambalo leo linaitwa Jumuiya ya Kipentekoste katika Kongo, jumuiya ya 30 katika Kanisa la Kristo katika Kongo.

Lakini wazungu wawili wenye homa wangeweza nini katika nchi kubwa namna ile? Hapo Mungu alileta wafanyakazi ambao Burton na Salter hawakuwaita.

4. Waliorudi

Huko Angola wengi wa wale waliouzwa walikuwa wamekutana na wamisionari wa Kiprotestanti, wakaamini. Utumwa ulipolegea, wakaanza kurudi. Walitembea njia ileile kwa miezi, wakipita mahali wenzao walipoanguka. Wengine walikuwa wameondoka watoto, wakarudi wenye mvi. Walipofika nyumbani walikuta vijiji vilivyowatoa. Wangeweza kuuliza, "Ni nani aliyeniuza?" Wao walileta habari za Yule aliyewanunua kwa damu yake.

Kati ya watu wa Angola alikuwamo Shalumbo, mtu wa Wasongye. Yeye hakuwa tu mtu aliyeonja utumwa. Zamani alikuwa upande wa wanaoteka wengine. Burton aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake kuonyesha namna Mungu anavyombadili mtu. Shalumbo alirudi kwa watu wake mwenyewe na Injili mkononi.

Mwaka 1920 waamini wakakusanyika Mwanza, na kati yao walikuwamo wengi wa wale waliorudi kutoka utumwani. Wakaomba, na Roho Mtakatifu akawashukia kama siku ile ya Matendo 2. Wamisionari waliiita Pentekoste ya Waluba. Tangu hapo Injili haikungoja mzungu. Wahubiri Waafrika walikwenda kijiji kwa kijiji, na mara nyingi mmisionari alipofika mahali alikuta wimbo umeshafika kabla yake.

Wapendwa, tusimame kidogo hapa. Hawa ni watu waliojua bei yao. Walijua mtoto mmoja aligharimu nguo kiasi gani, na mwanaume mwenye nguvu bunduki ngapi. Mtu aliyepimwa namna hiyo akisikia kwamba wokovu ni bure, neno "bure" analielewa kuliko sisi.

5. Walichoamini na namna walivyoabudu

Tukitazama imani yetu kwa mwangaza huo, kila jambo linapata uzito wake.

Tunaamini toba na kuzaliwa mara ya pili. Kwa Shalumbo hilo halikuwa neno la kukariri. Mteka watu aligeuka kuwa mchungaji wa watu.

Tunabatiza kwa maji mengi, mtu akiwa ameshaamini mwenyewe. Majirani zetu Wakatoliki, ambao mapadre wao Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, wanabatiza watoto wachanga, nasi hatugombani nao. Lakini kwetu ubatizo ni kaburi na ufufuo, kama Warumi 6 inavyofundisha. Mtumwa huzikwa ndani ya maji, na mtu huru hutoka. Tunaposimama kando ya Lufira tukiimba, tukumbuke hilo.

Tunaamini ubatizo wa Roho Mtakatifu. Katika Matendo 1:8 Bwana aliahidi nguvu ili wawe mashahidi. Huko Mwanza alama ya kwamba Roho ameshuka haikuishia katika lugha. Watu walishika njia kwenda kuhubiri. Kesha la Ijumaa lisilomtuma mtu hata kwa jirani yake siku ya Jumamosi, tulipime.

Tunaomba wote pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Mgeni husema ni makelele. Lakini katika barza ya mfalme wa zamani mtumwa hakuwa na neno. Kanisani mama muuza samaki na mwalimu wa shule wanasema na Mungu kwa saa moja, na Mungu anasikia wote wawili. Ndiyo maana pia tunatoa nafasi ya ushuhuda.

Tunaombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono na kwa mafuta, kama Yakobo 5 inavyosema. Wale wa kwanza waliomba na wakaona watu wakipona. Tena waliomba na wakamzika Armstrong. Hawakusema Armstrong alikosa imani. Na katika vituo vyao, pamoja na kanisa, palikuwa na zahanati na nyumba za akina mama kujifungulia. Mkono uleule uliowekwa juu ya kichwa cha mgonjwa ulifunga kidonda chake.

6. Mwaka wa damu

Mwaka 1960 uhuru ulifika, Katanga ikajitenga, na upande wa kaskazini vita vikawaka. Mwezi wa Novemba mwaka huo wamisionari wawili, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa upande wa Lulungu. Hodgson alikuwa ameishi kati ya Waluba kwa miaka 40 hivi. Wengi wa wenzao walilazimika kuondoka.

Wengine walifikiri kanisa litakufa. Halikufa. Wachungaji Wakongo walilishika katika njaa na katika kukimbia, pasipo pesa ya ng'ambo. Tangu mwanzo kanisa lilikuwa limebebwa na mabega ya hapa. Mwaka 1960 ulilidhihirisha tu.

7. Na sisi?

Sasa nirudi kwenye swali la wazee, na hapa nitatubu mbele yenu.

Shangazi yangu alikuwa akiuza samaki wa ziwa Tshangalele. Alianza kukohoa, akakonda. Hospitalini walimkuta na kifua kikuu, wakampa vidonge vya miezi 6, bure. Akaanza kupata nguvu, akarudia hata kula bukari. Ndipo mhubiri mmoja, ambaye simtaji, alimwambia kwamba kumeza vidonge ni kumshuku Mungu, na kwamba uponyaji wake unangoja mbegu ya imani. Akauza beseni zake, akauza na kitenge chake cha siku kuu, akaleta zile franka. Vidonge akaviacha. Kabla ya mvua kwisha tulikuwa tumemzika.

Dawa ilikuwa bure. Kilichouzwa kilikuwa maombi. Nami nilikuwamo katika ibada ile siku alipotoa. Niliona, moyo wangu ukauma, lakini watu wote walisema "Amina", na mimi nikasema "Amina".

Simoni wa Samaria alileta fedha ili anunue nguvu za Roho. Petro alimkataa kwa ukali, yeye na fedha zake. Petro angeweza kuzipokea. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na wajane wa kulisha. Alikataa kwa sababu karama ikishapata bei, mwenye njaa hawezi tena kuifikia.

Msinielewe vibaya. Fungu la kumi tunalitoa, na sadaka tunaitoa kwa furaha, maana mchungaji naye ana watoto na kanisa linahitaji bati. Hiyo ni shukrani ya aliyekwisha kupokea. Lakini mtu akikwambia utoe kwanza ndipo aombe, au akipanga bei ya mafuta, ya maji, ya unabii, ujue amerudi kwenye biashara ya zamani ya Bunkeya. Zamani waliuza mwili wa mtu, na sasa wanauza machozi yake.

Basi mambo matatu, ndugu zangu. Mgonjwa akija, tumwombee bila kumwuliza ana nini mkononi. Akiwa na dawa ya hospitali, tumwombee na tumkumbushe saa ya kuimeza. Na tukiona mtu anatozwa kwa jina la Yesu, tusiseme "Amina" kwa sababu wengine wamesema.

Wale waliorudi kutoka Angola walitufikishia Injili kwa miguu yenye makovu ya kamba. Hawakutuachia bei yoyote. Tukiwaachia watoto wetu bei, tutakuwa tumeitoa wapi?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyetununua kwa damu yako, tunakushukuru kwa wale waliotubebea Neno lako. Utusamehe tulipofumba kinywa. Uwaponye wagonjwa wetu wa Kapolowe, uwabariki waganguzi na mikono yao, na utujaze tena Roho wako, bure kama mwanzo. Amina.