Kibainishi Kilichopotea: Kutoka "Newt" hadi Kajiado

Mnyama anayeitwa newt kwa Kiingereza ni amfibia mwenye mkia, mfano wa mjusi wa majini, na hapatikani kiasili kusini mwa Sahara. Kiswahili, chenye chura na vyura wake, hakikuwa na haja ya kumpa jina. Mfasiri wa Macbeth ndiye hukwama kidogo afikapo kwenye chungu cha wachawi. Hata hivyo, historia ya jina hilo inawahusu wenyeji wa Kajiado kuliko mnyama mwenyewe.

Katika Kiingereza cha Kale aliitwa efeta, baadaye evete, kisha ewte. Kibainishi an kilipotamkwa kwa mfululizo na nomino hiyo, sikio lilikata mahali pasipo pake: an ewte ikawa a newte. Nyoka aitwaye adder alipatwa na kinyume chake, n yake ikachukuliwa na kibainishi. Waswahili nao hawana sababu ya kushangaa. Ki- ya kitabu, ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya shina, iligeuzwa kiambishi ngeli, vikazaliwa vitabu.

Katika Kimaasai, ol- ni kibainishi cha jinsi ya kiume na en- cha jinsi ya kike. Olkejuado ni "mto mrefu". Ol- ilipodondoshwa, na irabu kubadilika, likapatikana Kajiado, jina lililoenezwa na ramani na nyaraka za utawala wa kikoloni. Hasara hiyo si ya sauti tu. Olkeju ni mto, ilhali enkeju ni mguu. Kilichokatwa ndicho hasa kilichotenganisha maana hizo mbili.

Hapo ndipo ulinganifu unapokoma. Waliokosea mpaka wa ewte walikuwa wenye lugha yao, na kosa lao likawa kanuni, ingawa umbo la zamani, eft, halikufa. Olkejuado nalo halikufa: baraza la kaunti lilibeba jina hilo hadi mabaraza ya aina hiyo yalipovunjwa mwaka 2013, huku wilaya yenyewe ikiandikwa Kajiado.

Tahadhari inahitajika kaskazini zaidi, kwenye barabara hiyohiyo ya Namanga. Msemaji wa Kiswahili husikia ki- ya ngeli katika Kitengela, lakini hakuna asemaye Vitengela, na sikio pekee si ushahidi wa asili ya neno. Kusini, chini ya Kilimanjaro, mji mmoja huandikwa Loitokitok na Oloitokitok hadi leo.