Mwenyeji na Mgeni Wake katika Miji ya Pwani

Mgeni anaposhuka katika mji asioujua, macho yake ni ya kuazima. Huona anachoonyeshwa, hula anachopakuliwa, na arudipo kwao huusimulia mji ule kana kwamba aliujua wote. Kwa sababu hiyo, historia ya miji yetu ya pwani, kama ilivyoandikwa na wageni, kwa sehemu kubwa ni historia ya yale ambayo wenyeji waliamua kuyaweka mbele yao. Katika makala haya twakusudia kuwatazama wenyeji hao: ni nani aliyekuwa na haki ya kumwonyesha mgeni mji, alimwonyesha nini, alimlisha nini, na haki hiyo imepita mikononi mwa nani hadi leo.

Ushahidi ulio kamili kuliko wote wa zamani ni ule wa Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, aliyepita pwani hii mnamo mwaka 1331, na ambaye habari za safari zake zilikamilishwa kuandikwa mwaka 1355. Asimulia kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani ile mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushukia kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo. Aliyesamehewa ni yule tu aliyezoea kuja na kujuana na watu wa mji. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyefanya naye biashara pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Hapa yafaa tutue kidogo. Mara nyingi husemwa kwamba watu wa pwani ni wakarimu, na maneno hayo husemwa kana kwamba ukarimu ni tabia tu, kama rangi ya macho. Habari hii yatuonyesha jambo zito zaidi. Sahani ile iliyofunikwa ilikuwa mkataba. Mgeni alipoipokea alikwisha kupata mdhamini, dalali, mkalimani na mlinzi. Naye mwenyeji alikwisha kupata fungu lake katika biashara ya mgeni. Mji mzima ulisimama nyuma ya mkataba huo, kwa kuwa uliikataa biashara iliyouvunja. Wasiojua hukiita chakula kile zawadi. Sisi tungekiita mlango wa soko.

Na chakula chenyewe kilikuwa nini? Ibn Battuta, ambaye alipelekwa kwa kadhi kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu ya sheria, alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyofuatana na achari ya ndimu, ya pilipili, ya tangawizi na ya maembe. Msomaji wa pwani hatastaajabu sana. Wali, kitoweo, ndizi za kupikwa na achari ya embe kando ya sinia: karamu hiyo, ukiiweka leo mbele ya watu wa Lamu au wa Pemba, wataila pasipo kuuliza imetoka wapi. Lakini tusidanganyike tukadhani kwamba hakuna kilichobadilika. Pilipili hoho, muhogo, mahindi, papai na nanasi asili yake ni Marekani, na vilifika huku baada ya Wareno kufungua njia zao za baharini. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hii iwashayo tuijuayo.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona ndizi, malimau na tunda tamu lenye kokwa, mfano wa zeituni, ambalo alilitaja kwa jina la Kihindi. Bila shaka ni zambarau, ambayo watoto wa Mombasa wangali wakiitafuta kila msimu wake ufikapo, na ndimi zao hubaki za zambarau mchana kutwa. Aliona pia kwamba nafaka haikulimwa kisiwani bali ililetwa kutoka bara, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vya watu kuosha miguu. Kwa usiku mmoja, si haba.

Kilwa twaona upande mwingine wa ukarimu, na hatuna budi kuutazama wazi. Sultani wake, Hasan bin Sulaiman, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipaji vingi vya kutoa. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizokuwa amezivaa, naye akazivua akampa. Mwana wa sultani alizikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, aliamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wasimulizi wengi huikomesha hadithi hii kwenye sifa za sultani. Sisi twauliza habari za wale watu ishirini, ambao hakuna aliyeandika majina yao, wala walikotoka, wala walikopelekwa. Karamu ya mwenyeji mkubwa mara nyingi ililipwa na mtu asiyeketi penye sinia.

Lipo na jambo jingine la Kilwa. Ibn Battuta ameandika kwamba majengo ya mji yalikuwa ya miti, hali magofu yaliyosimama Kilwa Kisiwani hata leo, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu ya kale ya msikiti ule yamtangulia yeye kwa zaidi ya miaka mia moja. Wataalamu wamelijadili neno hili kwa muda mrefu. Liwalo lote liwe, latufundisha kutomtegemea mgeni peke yake.

Mwaka 1498 haki ya kuonyesha mji ilikuwa jambo la vita na amani. Merikebu za Vasco da Gama zilifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea Wareno kondoo, machungwa, malimau na miwa. Watu wawili wa merikebuni waliposhuka, aliwapokea vyema na kuamuru watembezwe mjini; kisha akawarudisha na vielelezo vya karafuu, pilipili manga na nafaka, kuwa ni bidhaa ambazo wangeweza kuzipakia hapo. Ukarimu huo haukuzuia pande zote mbili kushukiana, na baada ya siku chache Wareno walitweka kwenda Malindi, ambako mfalme wa huko, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, aliwapokea kwa furaha na kuwapa rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi.

Tazama karafuu zile. Wakati huo hapakuwa na mkarafuu hata mmoja ulioota pwani yetu. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Karafuu za mwaka 1498 zilitoka visiwa vya Maluku, mbali sana mashariki. Kwa hiyo mfalme hakuonyesha mazao ya shamba lake. Alionyesha urefu wa mkono wake, yaani kwamba bahari yote ya Hindi ilifika bandarini kwake. Alikuwa mwenyeji hodari sana, na mgeni wake alimwelewa barabara, kwa hasara ya Mombasa yenyewe, ambayo Wareno waliishambulia na kuichoma mwaka 1505.

Katika karne ya 19 ugeni uligeuka njia. Bagamoyo haikungoja wageni wa baharini tu. Wageni wake wakuu walitoka bara, nao ni misafara ya Wanyamwezi iliyoshuka na pembe za ndovu. Wenyeji walishindana kuipata. Wapo waliotoka mjini kwenda kuipokea njiani, ili waiingize mjini wakiwa wao ndio wenyeji wake, na pembe zipite mikononi mwao. Ni mkataba ule ule wa sahani iliyofunikwa, ila sasa mashua imekuwa njia ya miguu. Bagamoyo hiyo hiyo ndiyo iliyotupatia Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili, pamoja na ya wenzake, yalichapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Humo, kwa mara ya kwanza kwa mapana yale, mwenyeji anaueleza mji wake mwenyewe kwa kalamu na kwa lugha yake, pamoja na vyakula vyake na adabu zake. Twaona ajabu kwamba kitabu hicho kinasomwa zaidi na wataalamu kuliko na wanaowatembeza wageni Bagamoyo.

Maana siku hizi kazi ya mwenyeji imekuwa kazi ya mshahara. Unguja Mjini wamo watembezaji waliosoma na wenye vibali, na wamo pia wale ambao watu wa mji wamewapa jina la papasi, kwa kuwa humganda mgeni kama mdudu huyo. Hatusemi kwamba papasi ni mtu mbaya, anatafuta riziki. Walakini mwenyeji wa Mogadishu alijibu mbele ya mji mzima kwa lolote lililompata mgeni wake, hali papasi hajibu mbele ya mtu. Ndipo hadithi zinapoota. Mgeni huambiwa kwamba misumari ya shaba katika milango ya Mji Mkongwe ni ya kuzuia tembo wasiivunje, ilhali Unguja haikupata kuwa na tembo wa vita. Mtindo huo ulitoka Bara Hindi na ukabaki kuwa pambo la ukwasi. Huingizwa Mkunazini katika vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Soko la Mkunazini lilikuwako kweli, na lilifungwa mwaka 1873. Lakini jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisheni baada ya hapo, na wanahistoria kadhaa wametilia shaka habari hiyo. Unyama wa biashara ile hauhitaji kuongezewa chumvi. Anayeuongezea humpa msingizi nafasi ya kuukana wote.

Hata majumba nayo hupita. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 ili mgeni wa baharini aione kabla ya kitu kingine, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Mwenyeji aliyezoea kuanzia hapo imembidi atafute pa kuanzia.

Wengi huanzia karibu yake, bustani ya Forodhani, jua linapotua, penye pweza wa kuchoma na maji ya miwa. Si vibaya. Lakini mwenyeji aliyezaliwa Mji Mkongwe, ukimwuliza kwa kituo, hukuambia Forodhani ni pa kupunga upepo. Kama ni urojo, utafute kwa mwuzaji wa mtaani baada ya sala ya alasiri, wenye ukali wa ndimu au embe bichi, bajia, viazi, muhogo wa kukaanga na chatne ya nazi. Naye akikupenda hatakuelekeza njia. Atakupeleka mwenyewe, atakaa mpaka umalize, na akikuona unaitoa pochi atakasirika.