Kupitisha kebo ya antena ukutani katika mwambao wa Ziwa Victoria

KISUMU ni mji wa radi. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nyanda za juu za Nandi na Kericho, na alasiri mvua ya ngurumo hushuka. Usiku upepo hugeuka na dhoruba zikahamia juu ya maji. Kwa mwenye kituo cha redio ya ridhaa, aliyepewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano na alama ya utambulisho inayoanza na 5Z4, hali hiyo ndiyo iamue kebo ya antena iingilie wapi nyumbani, wala si urembo wa chumba.

Wengi huipenyeza dirishani. Kebo ikibanwa au kukunjwa kwa pembe kali, nafasi kati ya waya wa katikati na wavu wa shaba unaouzunguka hubadilika, na sehemu ya nguvu ya mawimbi hurudi kwenye mtambo. Afadhali tundu moja ukutani, lenye bomba la plastiki lililoinama kidogo kuelekea nje. Kabla ya kuingia, kebo iachwe ining'inie chini ya tundu ndipo ipande tena, ili maji ya mvua yadondoke hapo.

Jambo kubwa ni ardhi. Nje, kando ya tundu, pafungwe bamba la shaba. Kila kebo ipitie kinga ya radi iliyoshikizwa kwenye bamba hilo, na waya mfupi, mnene, usio na kona, uteremke hadi fimbo ya shaba iliyochimbiwa chini. Fimbo hiyo iunganishwe na ile ya stima ya nyumba. Wapo mafundi wanaosisitiza kuwa zitenganishwe; wamekosea. Radi ya kawaida hubeba takribani ampea 30,000, na fimbo mbili zisizounganishwa huweza kutofautiana kwa maelfu ya volti, tofauti inayojisawazisha kupitia mtambo wenyewe.

Katika uwanda wa Kano, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuachana na fimbo. Huko fimbo iwe ndefu, ifikie tabaka lenye unyevu. Penye mawe, kama vilima vya Riat, hufukiwa waya mrefu wa shaba uliolazwa.

Hata hivyo, kinga hizo hazitegemewi kuhimili pigo la moja kwa moja. Mawingu yakianza kutanda, kebo ichomolewe nje, kwenye bamba. Ngurumo ikishasikika, isiguswe.