Tarehe ya Vitambaa vya Nyanya

Ukoo wetu hauna daftari. Vyeti vya ubatizo, picha za harusi, hati ya shamba, vyote vilibaki Rutshuru mwishoni mwa Oktoba 2008, wapiganaji wa Laurent Nkunda walipouteka mji. Miaka yetu imo katika vitambaa alivyodarizi Nyanya. Sasa yeye amezikwa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, nami naipanga miaka hiyo wangali hai wanaoikumbuka.

Sindano alifundishwa na masista, Wabelgiji wangali wanatawala Kongo. Enzi hizo serikali yao ilifungua mijini vituo vya wanawake vilivyoitwa foyer social, wake wakafundishwa kushona, kupika na kutandika meza kwa desturi ya Kizungu. Masista nao walikuwa na mkondo huohuo: msichana alipewa mfano wa maua ya Ulaya akaunakili, uzi kwa uzi. Nyanya aliyadarizi hayo maua mpaka alipoolewa. Babu akamuuliza, "Mama, haya umeyaona wapi?" Hakujibu, ila hakuyarudia. Kuanzia hapo alidarizi alichokiona kwa macho: maharage yaliyopanda juu ya miti yake, wanawake wenye mizigo ya kuni, mlima.

Kitambaa cha mlima ni cha 2002, mwaka ambao Nyiragongo ulimwaga moto hadi katikati ya Goma. Ukikitazama kwa karibu utaona mahali uzi mwekundu ulipomwishia, akaendelea kwa rangi ya chungwa. Kiliokoka vita kwa sababu alifungia unga ndani yake. Hatukuwahi kukifua doa likatoka.

Njia yetu ilikuwa ya wengi: Bunagana, kambi ya mapokezi ya Nyakabande huko Kisoro, kisha mabasi hadi Nakivale. Makazi hayo yalikuwa na umri wa nusu karne tayari. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia mauaji ya kwao, na baadaye wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia na sisi Wakongomani. Tulipimiwa kiwanja, tukajenga kwa udongo, na kabla ukuta haujakauka vizuri Nyanya alikuwa amekwisha tundika vitambaa vyake. Babu alilalamika kwamba misumari inamaliza nyumba. Kwa jirani Msomali Nyanya alijifunza michoro ya hina, akaitia pembezoni mwa foronya.

Nyuzi zilitoka Mbarara. Akienda mjini kwa matibabu, lazima apitie sokoni, na nauli ya kurudi ilikuwa hatarini kila mara. Huko ndiko alikoiona ile sanamu ya ng'ombe wa Ankole barabarani. Kwa miezi alimdarizi ng'ombe huyo, na alipofika kichwani, pembe hazikuenea kitambaani. Mwingine angezipunguza. Yeye aliunga kipande kingine juu, chenye weupe tofauti, pembe zikapita mpaka zilikotaka kwenda. Shangazi zangu wanausifu mlima; mimi nasema hakushona kitu kumpita huyo ng'ombe.

Hakuwa fundi wa kuuza. Aliuza vichache, karo ilipobana, na vingine vyote alivigawa kwa maharusi na wazazi wapya. Akionyeshwa kazi ya mtu hukigeuza kitambaa kwanza, atazame mafundo ya nyuma, ndipo aseme neno. Wengi waliudhika. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi na posho ikapungua, nyuzi hazikununuliwa tena. Alifumua sweta za mitumba akadarizi kwa sufu hiyo, na kazi za mwaka ule ni nzito, zina vumbi la rangi za watu wengine. Alifariki mwaka uliofuata. Babu amekataa kitambaa chochote kiondolewe ukutani.

Vilivyobaki Nakivale ni vichache kuliko vilivyosafiri. Wajukuu waliopelekwa Marekani na Kanada waliondoka na vyao masandukuni, na baadhi wamevitandika mezani bila kujua vilidariziwa mwaka gani. Ndugu zangu, pigeni picha za vitambaa hivyo, mbele na nyuma, mtutumie pamoja na jina la aliyepewa na sherehe aliyopewa. Sisi tutaandika miaka.