Deheni ya Magdeburg

Ufukweni Kunduchi, jirani na Tegeta, kalafati bado ni kazi ya mikono. Fundi husokomeza pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao za mashua. Kisha huja deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, inayopakwa tumboni mwa chombo. Haidumu, na hakuna anayeionea aibu. Maji yenyewe huisukuma izidi kuingia kwenye nyufa.

Otto von Guericke, meya wa Magdeburg, Ujerumani, angemhitaji fundi huyo. Katikati ya karne ya 17 alijaza maji kwenye pipa la bia, akaziba maungio, akaagiza maji yavutwe kwa pampu ili ndani libaki ombwe tupu. Hewa ikapenya kwenye mbao, pipa likaunguruma kama chungu kinachochemka. Akahamia kwenye shaba. Mwaka 1657 farasi 16 walipovuta nusu mbili za tufe lake, katikati ya shaba na shaba palikuwa na pete ya ngozi iliyolowa nta na tapentaini. Vitabu vya shule vinawasifu farasi. Mimi naisifu ngozi.

Nta ina kasoro yake: nayo hutoa mvuke, hivyo kiraka huchafua ombwe kinalolilinda. Ilikuwa 1928 ndipo C. R. Burch wa Manchester alipoeleza jinsi ya kukereka mafuta ya petroli hadi yabaki mazito yasiyotoa mvuke wa maana.

Tegeta ombwe limo jikoni. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, na ikiwaka, upande wake wa baridi huwa na kani ndogo kuliko hewa ya nje. Tundu la upande huo halipulizi gesi. Linanyonya hewa yetu ya pwani, yenye unyevu, na maji yakaganda kwenye bomba jembamba. Ukipaka povu la sabuni friji ikiwa inafanya kazi, huoni kitu. Uizime kwanza.

Gundi ya kuchanganya ina shida ambayo deheni haiijui. Friji ikiwaka, kiraka kinavutwa ndani. Ikizimika, gesi inakisukuma nje. Kila umeme unapokatika kinageuziwa upande. Fundi makini huitoa gesi yote kwanza, maana inashika moto, ndipo achomelee, abadili chujio, avute ombwe upya na kupima gesi kwa mizani. Mteja mwenye ndoo ya samaki wa Kunduchi ndani huomba gundi tu, mpaka kesho.